Bibi anafanya kazi, bwana ni mgonjwa: haki ya nani inapungua?



Kuna swali moja linalorudi mara na mara katika biro ya mambo ya wafanyakazi, katika foleni ya dispensere, na hata chini ya mwembe wa kambi siku ya Yenga. Mganga amempa mfanyakazi ruhusa ya kupumzika: wiki mbili, mwezi mmoja, miezi mitatu. Bibi ya mfanyakazi huyu anafanya kazi. Pengine ni mwalimu, pengine ni muuguzi, pengine anaandika hesabu katika duka kubwa la mjini. Basi bwana anauliza kwa sauti ndogo: "Wakijua kwamba bibi yangu anapokea mshahara, hawatanikata?"

Wengine hawaulizi. Wanaficha tu. Kwenye karatasi ya jamaa wanaandika kwamba bibi yuko nyumbani, hali kila asubuhi kambi nzima inamwona akipanda taksi-basi na mfuko wake mkononi. Wengine wanafanya vibaya zaidi: wanamwambia bibi aache kazi mpaka ugonjwa utakapokwisha. Na wako wale ambao, kwa woga wa kuhesabiwa na kuulizwa, hawaendi kwa mganga hata kidogo. Wanameza dawa ya sokoni na kushuka shimoni na homa yao.

Jibu tunalitoa hapa mwanzoni, ili hata yule asiyependa kusoma mpaka chini alipate. Hapana. Mshahara wa bibi haupunguzi hata franka moja katika malipo ya ugonjwa ya bwana. Na mshahara wa bwana haupunguzi hata franka moja katika malipo ya ugonjwa ya bibi anayefanya kazi. Malipo haya hayatoki katika umaskini wa mtu. Yanatoka katika kontra yake.

Ndugu mfanyakazi, fahamu vizuri neno hili, kwa sababu ndilo msingi wa yote. Sheria ya kazi ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 16 Oktoba 2002 na kutengenezwa tena katika vipande vingine tarehe 15 Julai 2016, inasema kwamba mfanyakazi aliye mgonjwa hafukuzwi. Kontra yake inasimama kwa muda, kama lori linalosimama kando ya barabara bila kuzima moto. Wakati huo wote anapaswa kulipwa na mwajiri sehemu mbili juu ya tatu za mshahara wa kontra. Vitu alivyoahidiwa katika kontra, kama nyumba, haviguswi. Malipo ya watoto yanabaki yote. Na mwajiri anaendelea kumtunza yeye na jamaa yake kwa dawa na hospitali.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mshahara wako wa kontra ni franka 900 000 kwa mwezi. Ukiwa mgonjwa mwezi mzima, sehemu mbili juu ya tatu ni franka 600 000. Zinazokosekana ni 300 000. Tuseme tena bibi yako anapata 500 000 kwa kazi yake. Je, karani atachukua hizo 500 000 na kuziweka katika hesabu yako? Hana ruhusa. Atalipa 600 000, sawa vile angemlipa jirani yako mwenye bibi asiye na kazi, na sawa vile angemlipa kijana asiye na bibi. Hiyo ni hesabu ya sheria tu. Katika kompani nyingine, mapatano kati ya kompani na sendika yanatoa zaidi kuliko sheria. Uliza delege wako akusomee mapatano ya mahali pako.

Sasa, woga huu umetoka wapi?

Sehemu moja imetoka Ulaya, kwa simu. Wengi wetu tuna ndugu Ubelgiji, na ndugu hao wanaeleza mambo ya kule. Wanasema kweli, lakini kweli ya kwao. Kule, mfanyakazi mgonjwa halipwi na mwajiri isipokuwa siku za mwanzo. Nyuma yake analipwa na mfuko wa ugonjwa. Mwaka wa kwanza anapata asilimia 60 ya mshahara wake, ndani ya mpaka uliowekwa. Mwaka ukipita, wanaangalia nyumba yake. Mwenye jamaa anayoilisha peke yake anapata asilimia 65. Anayekaa peke yake, 55. Na yule anayekaa na mtu mwenye mapato yake ya kutosha, kama bibi mwenye kazi, anashuka mpaka 40. Basi shemeji wa Liège anapopiga simu na kusema, "Wamenikata juu ya kazi ya bibi," hasemi uongo. Lakini sheria ile haikuvuka bahari. Kwetu hakuna mfuko wa ugonjwa wa namna hiyo kwa wafanyakazi wa kompani. Caisse nationale de sécurité sociale, yaani CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS ya zamani, ina matawi matatu: malipo kwa jamaa, hatari za kazi, na pensheni. Tazama karatasi yako ya mshahara. Wewe unakatwa asilimia 5, na hiyo ni kwa pensheni. Mwajiri anatoa asilimia 13: 5 kwa pensheni, 6,5 kwa jamaa, 1,5 kwa hatari za kazi. Katika hesabu hiyo hakuna franka ya malaria wala ya kidonda cha tumbo. Ugonjwa wa kawaida uko katika mikono ya mwajiri.

Sehemu nyingine ya woga imetoka hapa hapa kwetu, na ni ya zamani kuliko simu. Wakati wa Union Minière, kompani ilihesabu jamaa kwa namna moja tu: bwana kazini, bibi nyumbani, watoto masomoni. Posho ilipimwa kwa kuhesabu vichwa: baba kiasi hiki, mama kiasi hiki, mtoto kiasi hiki. Mama alifundishwa kushona na kupika katika foyer social. Mama mwenye mshahara wake hakuwa na nafasi katika kitabu kile. Wazo hilo lilibaki katika vichwa vya watu hata baada ya uhuru. Tena sheria ya jamaa ya 1987 ilidai bibi aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kujifunga kwa mapatano mbele ya sheria. Ruhusa ile iliondolewa mwaka 2016. Na maisha yenyewe yalikuwa yametangulia sheria. Miaka ya 1990, mishahara ilipokuwa ikichelewa miezi na miezi, na mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walipoondoka kwa mara moja, nani alilisha watoto wa Likasi, wa Kipushi, wa Kolwezi? Mama na kapu lake la unga, mama na mashine yake ya kushona, mama na chaki yake. Mtu anayefanya leo kana kwamba kazi ya bibi ni siri ya aibu amesahau chakula kilichomkuza.

Liko shauri jingine tunalolisikia, na hili halitoki kwa waoga. Linatoka kwa majirani. "Fulani ana mishahara miwili ndani ya nyumba. Amelala mgonjwa na bado kompani inamlipa. Afadhali fedha hiyo apewe yule mwenye watoto 8 na bibi asiye na kazi." Ukilisikia mara ya kwanza, unaweza kuona ni neno la huruma. Sisi hatulikubali. Mfanyakazi hakupewa kazi kwa sababu ni maskini, wala halipwi mshahara kulingana na sufuria za nyumbani kwake. Amelipwa kwa jasho lake. Sehemu mbili juu ya tatu ni mkia wa jasho lile lile. Siku tutakayokubali kwamba mgonjwa apimwe kwa mapato ya bibi, kesho yake atapimwa kwa shamba la baba yake, na kesho kutwa kwa kuku anaofuga nyuma ya nyumba. Haki ya kontra itakuwa sadaka, na kila mgonjwa atasimama mbele ya biro akionyesha matundu ya nguo zake. Mwenye watoto 8 ana shida ya kweli, nasi tunaiona. Dawa ya shida hiyo ni mshahara unaotosha, na malipo ya watoto yanayolipwa kwa wakati. Kumnyang'anya mgonjwa mwingine hakumjengi.

Lakini tusiseme kwamba kazi ya bibi haina maana popote. Mahali pamoja ina maana: malipo ya watoto. Mtoto mmoja hahesabiwi mara mbili. Kama bwana anayapokea malipo hayo kwa jina la watoto 4, bibi hawezi kuwaandika wale wale 4 kwa mwajiri wake ili wapokee tena. Hapa ndipo wengine wanapojifunga kamba wenyewe. Waliandika watoto pande mbili wakidhani hakuna atakayeona, na sasa wanaogopa kila karatasi inayotaja jina la bibi, hata karatasi ya ugonjwa ambayo haina neno nao. Kama ndivyo ilivyo kwako, nenda utengeneze karatasi hiyo sasa, wakati ungali mzima wa mwili. Ni kazi ya asubuhi moja. Ukingoja mpaka umelala kitandani, bibi yako ndiye atakayeitwa kueleza.

Basi, kama mshahara wa bibi haukati malipo ya mgonjwa, ni nini kinachokata? La kwanza ni kukosa karatasi ya mganga. Mtu anakaa nyumbani siku 5, anarudi na kusema, "Nilikuwa na homa." Homa bila karatasi ni utoro. Ukishindwa kutembea, mtume bibi, mtume mtoto mkubwa, mtume jirani wa zamu moja nawe. Lakini habari ifike kwa shefu wako mapema, na karatasi ifuate. La pili ni kumkimbia mganga: kukataa kupimwa, kukataa dawa, kutoka hospitali bila ruhusa ili kwenda kwa mtu wa mizizi. La tatu ni kujitia kwa kusudi katika hatari unayoijua. Na liko la nne, ambalo tunaliona sana siku hizi: mtu yuko katika ruhusa ya ugonjwa, mgongo unamuuma, hawezi kuinua koleo la kompani, lakini jirani anamkuta kwenye machimbo ya mkono akiinua mfuko wa madini, au yuko juu ya pikipiki akibeba abiria watatu. Huyu asimlaumu karani, wala asiseme kwamba amekatwa juu ya kazi ya bibi.

Tofautisheni pia ugonjwa wa kawaida na ajali ya kazi. Ukiangukiwa na jiwe, ukikatwa na mashine, ukigongwa njiani kati ya nyumba na kazi, hiyo ni ajali ya kazi. Iko katika tawi la hatari za kazi la CNSS. Vilevile ugonjwa unaotokana na kazi yenyewe, kama ugonjwa wa mapafu wa mavumbi ya mawe ambao waganga wanauita silikosisi. Huko nako hawaulizi kama bibi anafanya kazi. Wanauliza kama ajali ilitangazwa. Kwa hiyo usikubali maneno ya "tuandike tu kwamba ni malaria, mambo yatakwenda upesi." Ukiandikiwa malaria wakati mguu umevunjwa na kazi, unatupa haki ya miaka mingi mbele. Kidole kinachopona vibaya, pafu linalochoka pole pole, vinadai baadaye, wakati mwingine baada ya pensheni.

Turudi kwa yule anayemeza dawa ya sokoni na kushuka shimoni. Ukurasa huu ni wa usalama, na kwetu hili ndilo jambo zito kuliko franka zote. Anafanya hesabu yake: "Nikilala, nitapoteza sehemu moja juu ya tatu. Nikisema bibi anafanya kazi, pengine nitapoteza zaidi. Afadhali niende." Nusu ya hesabu hiyo ni uongo, kama tulivyoonyesha. Lakini mwili wake haujui hesabu. Mtu mwenye homa kali macho yake yanachelewa, masikio yake yanavuma. Anaendesha lori la tani nyingi kwenye ukingo wa karyeri, na nyuma yake wako watu kwa miguu. Anasikia honi ya kulipua baruti na hajui vizuri imetoka upande gani. Anafunga boriti ya kushika dari na mikono inayotetemeka. Mwenye kifua kikuu anakohoa katika lifti iliyojaa watu bega kwa bega, na wenzake wanapeleka kikohozi kile nyumbani kwa watoto wao. Kwa kuokoa franka 300 000 anaweka mezani roho yake na roho za zamu nzima. Wewe shefu wa zamu unayemwona mtu wako anatoka jasho asubuhi ya baridi ya Julai, usimwambie, "Kaza moyo." Mtume dispensere.

Sasa tuseme neno kwa jamaa, kwa maana hizo 300 000 zinazokosekana zinakosekana kweli. Hapo ndipo mshahara wa bibi una kazi yake, na kazi hiyo inafanyika mezani nyumbani, mbali na biro ya kompani. Baba, mwonyeshe mama karatasi yako ya mshahara mara ugonjwa unapoanza. Wanaume wengi wameoa miaka 15 na bibi hajui bado bwana anapata ngapi. Halafu siku ya ugonjwa mama analetewa 600 000 bila maneno. Anadhani nyingine zimepelekwa kwa mwanamke mwingine, na nyumba inawaka moto juu ya hesabu ya karani. Semeni pamoja: masomo ya watoto yatalipwa na nani mwezi huu, unga na nani, deni la simenti lingoje mpaka lini. Kama mama yuko katika likelemba, zamu yake ikaribie ikiwezekana. Wanawake wanajua kupanga hayo wao kwa wao kuliko sisi. Msikimbilie banque Lambert. Unakopa 100 000 unarudisha 150 000 mwezi ujao, na mwezi ujao bado uko kitandani.

Na msimwachishe mama kazi. Tunarudia jambo hili kwa sababu tunaliona. Bwana analala mgonjwa, ndugu zake wanakuja kutoka kijijini, na wanasema ni aibu bibi kwenda kazini wakati bwana yuko kitandani. Aibu gani? Ugonjwa wa kawaida ukidumu zaidi ya miezi 6 bila kukatika, sheria inamruhusu mwajiri kuvunja kontra. Siku hiyo mshahara wa mama utakuwa nguzo peke yake iliyobaki chini ya paa. Nani ataijenga tena mkiibomoa ninyi wenyewe? Wale ndugu wakae wao na mgonjwa mchana. Wamekuja kusaidia, basi wasaidie.

Mama anayefanya kazi, wewe pia usidanganywe siku utakapougua wewe. Wako waajiri wadogo wanaomwambia mwanamke, "Bwana yako yuko kwenye madini, anapata vizuri, wewe pumzika tu mpaka upone." Kupumzika huko wanataka kuwe bila malipo. Jibu ni lile lile: kontra ni yako, sehemu mbili juu ya tatu ni zako, na bwana yako si mwajiri wako. Mwambie kwa heshima, na karatasi ya mganga mkononi.

Kama umekatwa bila sababu, usipige kelele kwenye dirisha la karani. Yeye anafuata karatasi aliyopewa. Chukua karatasi ya mshahara ya mwezi ule na ya mwezi uliotangulia, chukua nakala ya karatasi ya mganga, na uende kwa delege wa sendika. Delege ataingia kwa mkubwa wa mambo ya wafanyakazi na kuomba hesabu ifanywe tena mbele yenu. Mara nyingi yanakwisha hapo. Yakikataa, iko Inspection du travail, biro ya serikali inayosikiliza mashitaka ya kazi na kuwaita pande zote mbili kupatana kabla ya kwenda mbele ya hakimu. Usingoje miaka, sheria inaweka mpaka wa siku za kudai mshahara, na nakala za karatasi zinapotea katika nyumba za wafanyakazi upesi kuliko katika biro za kompani. Ziwekeni katika mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi ya ndoa, na mama ajue mfuko ule uko wapi.